Bobcat mtumba kwa kazi za shamba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mi ni mfugaji, sio muuza mashine, nina ng'ombe wa maziwa na mabanda mawili ya kuku huku Iringa na nimeshamiliki bobcat mbili zilizotumika, ya kwanza ilinitesa na ya pili bado inapiga kazi mpaka leo. Tangu watu waone ile mashine ikisomba samadi simu haziishi, na maswali ni yaleyale, kwahiyo nimeyaweka hapa. Yamekaa jinsi yalivyokuja, sijayapanga sana.

Bobcat ndo nini, si ni kijiko tu kidogo?

Hapana. Kijiko kile cha kuchimbia mitaro ni kitu kingine. Hii ni loda ndogo fupi, dereva anakaa ndani kama yuko kwenye kabati, mikono ya kunyanyulia inapita pembeni yake kushoto na kulia na baketi iko mbele miguuni kwake. Jina lake la kwenye makaratasi ni skidi stia loda ila Bobcat ni kampuni iliyofanya jina likawa la wote, kama vile sabuni yoyote ya unga mtu anaiita Omo. Kwahiyo mtu akikwambia "nauza bobcat" muulize kwanza ni Bobcat ya nani, inaweza ikawa Case, New Holland, Cat, JCB, Gehl, Komatsu au Toyota.

Kinachoitofautisha ni kona. Tairi zake hazikati kulia wala kushoto, zimekaa wima muda wote. Ukitaka kugeuka, upande mmoja unaenda mbele na mwingine unasimama au unarudi nyuma, na tairi zinaburuzika chini mpaka mashine inazunguka palepale iliposimama. Hiyo ndo raha yake ndani ya banda na hiyohiyo ndo shida yake kwingine, tutaona.

Mashine ya ujenzi hii, itafaa kweli shambani?

Watu wengi hawajui kwamba ilizaliwa shambani. Mwaka 1957 kule Minnesota, Marekani, mafundi wawili ndugu, Cyril na Louis Keller, walimtengenezea mfugaji wa bata mzinga mashine ndogo ya kutoa mbolea kwenye banda lake la ghorofa mbili, maana trekta lilikuwa zito mno kwa sakafu ya juu na halikuweza kujigeuza katikati ya nguzo. Ile ya kwanza ilikuwa na matairi matatu. Kampuni ya Melroe ya North Dakota ikawachukua mwaka 1958, mwaka 1960 ikatoka ya matairi manne na jina la Bobcat likaja 1962. Watu wa ujenzi wameikuta njiani tu.

Na ukiitumia utaona kabisa imefikiriwa na mtu aliyekuwa anawaza samadi, inaingia mlango mdogo, inakwangua mpaka kwenye kona, inageuka, inatoka.

Nina ng'ombe wanne na kuku 500, ninunue?

Usinunue. Nunua toroli zuri na uwalipe vibarua vizuri. Sisemi kwa dharau, ila mashine hii inataka kazi ya kila siku au karibu kila siku, ikikaa wiki tatu chini ya mwembe betri inakufa, panya wanakula waya, sili zinakauka zinaanza kuvuja. Mi nilianza kuona maana yake nilipofika mahali ambapo kutoa maranda ya banda moja la kuku kunachukua vibarua sita siku mbili na nusu na vifaranga wapya wameshalipiwa. Bobcat inamaliza asubuhi moja.

Kama tayari una trekta, fikiria kwanza kulifunga loda ya mbele, maana trekta litalima, litavuta tela na litabeba kidogo. Bobcat hailimi. Ila kama banda lako lina nguzo nyingi na dari fupi trekta halitaingia hata ulibembeleze.

Ina kazi gani zaidi ya samadi?

Kupakia saileji (majani ya ng'ombe yaliyovundikwa), kubeba marobota ya majani, kushusha mifuko ya pumba na mashudu iliyokaa kwenye paleti, yani chaga za mbao, kusawazisha kiwanja, kusukuma udongo wa njia iliyoharibiwa na mvua, kuchimba mashimo ya nguzo za uzio. Wa Njombe wanaopanda parachichi wananiuliza sana kuhusu ile kekee kubwa ya kuchimbia mashimo. Ni kweli inachimba shimo moja dakika chache tu, lakini angalia udongo wako, kwenye mfinyanzi uliolowa kekee inapaka kuta za shimo zinakuwa laini kama chungu kilichosuguliwa na mizizi inashindwa kupenya, mche unakaa kama umepandwa kwenye ndoo. Chimba udongo ukiwa na unyevu wa wastani alafu mtu apite na sururu akwaruze kuta kabla hamjapanda.

Ukubwa gani unatosha?

Hapa ndo watu wanadanganywa na namba. Kila mashine ina uzito unaoruhusiwa kubeba, na kwa zile za matairi namba hiyo ni nusu ya uzito unaoweza kuifanya ipige mweleka mbele. Yani kama imeandikwa kilo 600, ikibeba 1,200 matako yanainuka. Nusu iliyobaki sio ya kwako kutumia, ni ya usalama unapopita kwenye mabonde huku mzigo uko juu.

Mifano ya zile utakazokutana nazo sana: Bobcat 753 ni kama kilo 610, 763 ni 680, 773 na S175 ni karibu 790, S185 ni karibu 840. Sasa chukua 753 ukitaka kubeba mifuko ya kilo 50. Kwa hesabu ya haraka ni mifuko 12, ila namba ile imepimwa na baketi, ukifunga uma wa paleti mzigo unakaa mbele zaidi na uwezo unapungua, kwahiyo mi hesabu yangu ni mifuko 9, ikizidi sana 10. Paleti nzima ya mifuko 20 ni tani moja, hiyo 753 isahau kabisa, tafuta kubwa au gawanya paleti.

Kwa samadi, saileji na kazi za banda mashine ya kilo 600 mpaka 800 inamtosha mfugaji wa kawaida. Nimeona watu wananunua likubwa la tani nne alafu mlango wa banda una mita moja na nusu. Kabla hujaenda kuangalia mashine pima mlango wako upana na urefu, pima chini ya kenchi, pima na nafasi ya kugeukia, andika kwenye karatasi uiweke mfukoni. Ndogo nyingi zina urefu wa kwenda juu kama mita 1.95 na upana wa mita 1.4 hadi 1.7 kutegemea tairi na baketi. Baketi lazima iwe pana kuliko tairi, la sivyo unakanyaga kile unachokitoa.

Kuna ambazo mikono inapanda moja kwa moja na nyingine inapanda kwa kuzunguka, tofauti ni nini?

Ile inayozunguka, mikono inachora upinde, inafika mbele zaidi ikiwa katikati kisha inarudi nyuma ikifika juu. Ina pini chache, ni ngumu, nzuri kwa kukwangua na kuchimba. Inayopanda wima inabaki mbele mpaka juu kwahiyo inafaa kumwagia kwenye gari na kupanga paleti, ila ina viungo vingi, na kila kiungo ni pini na bushi ya kununua.

Kama utakuwa unapakia Fuso yenye bodi ndefu pima bodi hiyo kwanza. Hizi ndogo baketi ikiwa juu na imeinama kumwaga inabaki kama mita 2.1 mpaka 2.3 toka chini. Mi nilikuja kujenga kakilima ka udongo bobcat inapanda juu yake, gari linasimama chini, biashara imeisha.

Masaa mangapi ni mengi?

Swali hili linaulizwa kuliko yote na ndo lenye jibu baya kuliko yote. Chini ya masaa 3,000 watu wanaona ni nzuri, ikipita 5,000 wanaanza kuogopa. Lakini mita ya masaa inabadilishwa, inakufa, inachomolewa waya. Nimeona mashine imeandikwa 1,900 na pedeli zimelika mpaka chuma kinang'aa, kiti kimebaki sponji, pini za baketi zina plei ya kuingiza kidole. Hiyo ni 1,900 ya mara ya ngapi?

Angalia vitu vinavyolika kwa kuguswa: pedeli, hendo za liva, ngazi ya kupandia, kamba ya mkanda, ukingo wa chini wa baketi. Shika baketi itikise, kisha nenda pini moja moja. Pini zenye plei kidogo zinatengenezeka, lakini kama tundu lenyewe kwenye mkono limekuwa yai hapo unaongelea kuchomelea na kuchonga upya.

Nikienda kuikagua nianzie wapi?

Mwambie muuzaji usiku uliopita kwamba asiiwashe. Ukifika weka mkono kwenye injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu wanaficha, huenda inasumbua kuwaka ikiwa ya baridi. Iwashe mwenyewe, sikiliza, angalia moshi. Mweupe kidogo wakati wa baridi ya asubuhi sio kesi kama unaisha, wa bluu unaoendelea ni oili inaungua, mweusi mzito inaweza kuwa ni filta ya hewa tu au nozeli. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma, ikipuliza kwa nguvu kama chai inayochemka ringi zimechoka.

Lakini injini sio inayoua watu kwenye bobcat. Kinachoua watu ni haidroliki ya kutembelea, na hapa naomba mnisikilize maana nililipia ada ya somo hili.

Mashine hii haina giaboksi wala klachi. Injini inazungusha pampu mbili za mafuta ya haidroliki, moja ya upande wa kushoto moja ya kulia, kila pampu inasukuma mota yake, na mota inavuta cheni mbili zilizolala ndani ya boksi lenye oili, moja ya tairi la mbele moja ya tairi la nyuma. Pampu zikichoka, mafuta yakiwa ya baridi na mazito bado zinasukuma vizuri kabisa. Yakipata moto yanakuwa mepesi, yanavuja kwa ndani, nguvu inapotea. Mashine yangu ya kwanza niliijaribu dakika kumi uani kwa muuzaji, ikazunguka kama pia, nikalipa. Nyumbani baada ya dakika arobaini bandani ikasimama na mzigo wake ikawa inanung'unika tu, haigeuki kulia. Matengenezo ya pampu yalikula miezi mitatu ya kusubiri spea na hela ambayo ningeiongezea ningepata mashine nzuri toka mwanzo.

Kwahiyo kipimo changu sasa ni kimoja: nataka niifanyishe kazi dakika 45 mfululizo. Nabeba mafuta ya kuweka mwenyewe kama muuzaji analalamika dizeli. Ikishapata moto kweli naiweka baketi chini niikandamize mpaka tairi za mbele zinyanyuke, lazima zinyanyuke bila kusitasita. Nachota mzigo, nazunguka papohapo kulia, kisha kushoto. Upande mmoja ukiwa mvivu pampu au mota ya upande huo imechoka. Naenda mbele moja kwa moja kwenye sehemu tambarare, ikivuta upande hakikisha kwanza tairi zinalingana na zina upepo sawa ndo uanze kulaumu pampu.

Muuzaji akikataa dakika 45, mshukuru na uondoke.

Na cheni nazikaguaje bila kufungua?

Ipigwe jeki na iwekwe juu ya magogo imara tairi zote nne zikiwa hewani, injini imezimwa, alafu zungusha kila tairi kwa mkono mbele nyuma. Ukiona linazunguka sana kabla halijashika, cheni imelegea au sproketi, yale meno yanayoshika cheni, zimelika. Tikisa tairi juu chini, hapo unasikilizia beringi. Angalia nyuma ya rimu kama kuna oili imelowa, sili ya ekseli imekwisha na oili ya boksi la cheni inaweza kuwa imetoka siku nyingi, cheni zinajisaga kavukavu. Chomoa dipstiki ya hilo boksi kama ipo au kifuniko cha kuangalizia, ukiona vipande vya chuma au maji yenye rangi ya chai ya maziwa, shusha bei au ondoka.

Mafuta ya haidroliki nayo yanuse. Yakiwa meupe kama maziwa yameingia maji, yakinuka kuungua mashine imefanyishwa kazi ikiwa inachemka.

Tairi zikiisha nabadilisha mbili tu za mbele?

Usithubutu. Tairi la mbele na la nyuma upande mmoja zimefungwa kwa cheni zinazotoka kwenye mota moja, lazima zizunguke sawasawa. Ukiweka jipya mbele na kipara nyuma, moja linataka kwenda mbali kuliko mwenzake kila mzunguko na anayelipia ni cheni. Nunua nne, au angalau upande mmoja uwe na jozi inayolingana. Saizi za kawaida ni 10-16.5 na 12-16.5, uliza bei zake dukani kabla hujanunua mashine, maana kwenye zege zinalika haraka sana kwa ile tabia ya kuburuza. Mfundishe dereva ageuke kwa kwenda mbele na kurudi nyuma kidogokidogo badala ya kuzunguka papohapo kama anacheza.

Za Japan vipi? Nimeona Toyota bei nzuri.

Ziko nyingi, Toyota za SDK, Komatsu za SK na TCM pia. Ni ndogo, imara, na nyingi zimetoka kwenye mabanda ya ng'ombe wa maziwa kwahiyo kazi yake na yako ni moja. Tatizo ni hilohilo. Mkojo wa ng'ombe unakula chuma. Mnada unakuonyesha picha imepigwa rangi mpya, chini ya rangi sakafu ya kebini ni biskuti. Omba picha za chini, za ndani ya boksi la injini, za viungo vya mikono karibu na baketi, za waya na plagi zake. Rangi mpya kwenye mashine ya zamani mi inanitia wasiwasi kuliko kutu ninayoiona.

Jambo la pili, kwenye nyingi utakuta baketi imefungwa kwa pini moja kwa moja, haina ile sahani ya kubadilishia vifaa, na haina mipira ya haidroliki ya mbele. Hiyo ni mashine ya baketi tu. Kama ndoto yako ni kekee na uma na fagio, itakugharimu kuibadilisha. Kwa samadi peke yake ni sawa kabisa.

Hiyo sahani ya kubadilishia ina umuhimu gani?

Mkubwa sana. Mashine nyingi za Marekani na Ulaya za miaka ya karibuni zinatumia umbo moja la sahani, una liva mbili, unazishusha zinasukuma kabari kwenye matundu, kifaa kimefungwa. Unaweza kununua uma wa mtu mwingine ukaingia kwako. Kagua kabari kama zinashuka mpaka mwisho na kama ukingo wa juu wa sahani haujapasuka. Kabari ikiwa imelika baketi inaweza kuchomoka ikiwa juu, na chini yake kuna watu.

Kekee na vifaa vya kuzunguka vinasukumwa na mafuta ya haidroliki ya mashine. Mashine ya kawaida inatoa lita kama 60 hadi 90 kwa dakika, kuna za mkondo mkubwa zinazopita 110. Kekee na fagio hazihitaji huo mkubwa. Mtu asikuuzie kwa bei ya juu kitu usichohitaji.

Ninunue ya zamani isiyo na kompyuta au mpya kidogo yenye vioo na sensa?

Kwa huku kwetu nenda ya zamani kidogo. Sababu kubwa ni dizeli. Mashine za Marekani na Ulaya kuanzia kama 2012 na 2013 kuja mbele, nyingi zina chujio la moshi kwenye eksozi ili kukidhi sheria zao, na injini hizo zimetengenezwa kwa dizeli yenye salfa sehemu 15 au 10 tu kwa milioni. Kiwango chetu cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu mpaka 50, na hapo ni ikiwa haijachanganywa chochote njiani. Chujio likiziba linaanza kuwasha taa, linapunguza nguvu, unatafuta mtu mwenye kompyuta Dar wakati ng'ombe wamesimama kwenye tope.

Zile za miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000 zina injini za kawaida. Bobcat 753, 763 na 773 zina Kubota V2203, na ndugu zake hao wa Kubota wapo kwenye majenereta na mashine za kupozea mizigo kwenye malori, fundi wa jenereta anaijua. Case 1845C ina Cummins ya lita 3.9, nayo mafundi wa malori hawaiogopi. Hivi ndo vitu vya kuangalia, nani mjini kwako anaweza kuifungua.

JCB Robot ina mkono mmoja tu wa pembeni na mlango wa ubavuni, huruki baketi yenye kinyesi ili kuingia. Mama yangu aliiona akasema hii ndo imetengenezwa na mtu mwenye akili.

Ile inayotembea kwa minyororo ya mpira badala ya matairi si ni nzuri zaidi kwenye tope?

Ni nzuri kwenye tope, ndio. Ila minyororo, roli na sproketi za chini zikiisha bei yake inakaribia mashine ya matairi iliyochoka, na kwenye zege la banda zinalika bure. Kama shamba lako ni mbuga, udongo mweusi unaonata, na kazi ni nje muda mwingi, fikiria. Kwa banda, matairi.

Inakula mafuta kiasi gani?

Yangu ya nguvu za farasi 46 hivi inatumia lita 5 mpaka 7 kwa saa kwenye kazi ya banda. Ukichimba nayo kutwa inapanda.

Nikiagiza nje mwenyewe nijue nini?

Ndogo zinaingia kwenye kontena la futi 20, hata mbili zikipangwa vizuri na baketi zimetolewa, kwahiyo tafuta mwenzako mgawane nauli. Ioshwe kwelikweli kabla haijapakiwa, udongo na samadi ya nchi nyingine ni njia ya kuleta magonjwa na mkaguzi akiikuta chafu bandarini ni gharama juu ya gharama. Kwenye forodha loda za mbele ziko kundi la 8429.51, mpe wakala namba hiyo na picha akupe hesabu ya maandishi kabla hujatuma hela, na kama ni karibu na Julai mosi uliza tena kwasababu bajeti mpya ikianza viwango vinaweza kubadilika.

Linganisha namba ya kwenye kibao cha mashine na ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Kibao kikiwa kimeng'olewa usijadili bei.

Na weka pembeni kama robo ya bei ya kununulia kwa ajili ya mwaka wa kwanza: filta zote, mafuta yote, mipira ya haidroliki iliyopasuka, betri, pengine tairi. Hamna mtumba usiodai.

Dereva wa trekta ataiweza?

Ataiweza baada ya siku kadhaa za kutisha kidogo. Angalia mfumo wa kuendeshea kabla ya kununua, za zamani liva mbili za mkono zinatembeza na pedeli mbili za mguu zinanyanyua na kumwaga, nyingine kila kitu ni joistiki. Mtu aliyezoea moja akipanda nyingine anamwaga mzigo akitaka kusimama.

Kuna ile baa ya chuma ya kushuka mapajani na swichi ya kwenye kiti, zinazima haidroliki dereva akitoka. Mafundi wa mtaani wanaifunga kwa waya kwasababu inasumbua. Ukikuta imefungwa irudishe, mtu amekaa katikati ya mikono miwili ya chuma, akiinuka na mguu ukagusa pedeli mkono unashuka naye. Usipite chini ya mikono iliyonyanyuliwa bila ile nondo yake ya kuizuia. Na kwenye banda lililofungwa fungua madirisha yote, moshi wa eksozi hauna huruma kwa mtu wala kifaranga.

Naisafirishaje, nauliza maana niko Songea na mashine iko Dar?

Haiendeshwi barabarani, spidi yake ni kama kilomita 10 hadi 12 kwa saa na haina springi, utafika bila figo. Nyingi za saizi tunayoongelea zina tani 2.3 mpaka 2.8, Fuso inabeba bila shida na Canter nzima inayoruhusiwa mzigo huo pia. Ngazi za kupandia ziwe za chuma, ndefu, zisizo na mwinuko mkali, zifungwe zisiteleze. Panda kinyumenyume. Watu wanashangaa, lakini baketi ikiwa tupu uzito wote uko nyuma kwenye injini, na upande mzito ndo unatakiwa kuangalia juu ya mlima. Ukipanda kwa mbele inakaa kwa matako kama mbwa, nimeshuhudia Mafinga pale stendi ya malori, dereva alitoka mzima ila mlango wa nyuma wa mashine ulibaki kama karatasi. Ukifika juu shusha baketi iguse sakafu, funga minyororo minne kona zote, na toa waya wa betri kama safari ni ya siku mbili.